Minza Alipokuja Kukaa Kwetu

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Tunduma, upande ule wa akina mama wanaopanga bidhaa chini karibu na barabara ya malori, nikitafuta dagaa. Mama mmoja aliyetoka bondeni Momba alifungua chupa ya samli ili mteja wake ainuse. Mteja akageuza uso, akasema imekaa sana. Mimi nilisimama palepale. Ile harufu ya samli iliyoshika moshi ilinikamata kifuani, na kabla sijakumbuka jina nilikumbuka wivu. Ulirudi mzima mzima, wivu wa mtoto wa darasa la tano, nami ni mwanamke mwenye vijana wanaonyoa ndevu. Jina lilifuata baadaye, nikiwa njiani kurudi nyumbani. Minza.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Alifundisha shule ya msingi ya kijiji kimoja cha kule Itaka, kwenye udongo mwekundu na mibuni, na mwaka ule akapewa darasa nililokuwamo mimi. Nyumbani nilimwita Baba, lakini tukishafika kwenye kengele, ile ringi ya lori iliyoning'inizwa mbele ya ofisi, nilitakiwa nimwite Mwalimu kama wenzangu. Sikulipenda jambo hilo hata kidogo. Niliona kama darasa zima linanilia kitu changu huku nikitazama. Kilichobaki kuwa changu peke yangu kilikuwa safari ya asubuhi. Baba alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoinunua kwa mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kila siku tuliwahi kabla ya wenzetu, mimi nikiwa nyuma yake, shavu langu limelala kwenye koti lake lililonuka chaki na petroli. Hatukuongea. Pikipiki ile ilikuwa na kelele mno. Lakini kwa urefu wa barabara ile, alikuwa wangu.

Mwaka huohuo familia kadhaa za Wasukuma zilipanda kutoka bonde la Momba na ng'ombe wao, zikatafuta malisho kwenye mabonde ya chini ya kijiji. Kwetu sisi wakulima, ng'ombe walikuwa na maana moja tu, mahindi yaliyoliwa. Wakubwa waliwazungumzia wageni wale kama mtu anavyozungumzia mvua ya mawe: wamefika, wataharibu, wataondoka. Binti yao mmoja aliandikishwa darasani kwetu, naye ndiye Minza. Alikuwa mrefu kutuzidi wote, shingo imenyooka, na nguo zake zilinuka samli na moshi. Hakuna aliyetaka kukaa naye, kwa hiyo alikaa peke yake kwenye dawati la nyuma, na jambo hilo likawa la kawaida kama nyufa za ukutani.

Asubuhi moja ya kipindi cha mvua, mama yake Minza alitoka nyumbani kwao kwenda zahanati akiwa na homa, na mgongoni amembeba mtoto mchanga aliyekuwa na homa pia. Minza alikuwa ameshatangulia shuleni na hakujua kwamba mama yake angefuata. Mama yule alifika kwenye kona ya mibuni, karibu kabisa na shule, nguvu zikamwishia. Akakaa chini, kisha akalala ubavu. Njia ile ndiyo waliyopita karibu wanafunzi wote, na wanawake waliokwenda mashineni kusaga, na wanaume wenye baiskeli. Mimi na Baba tulipita barabara ya juu, ya pikipiki, mapema kabla yake.

Wakati wa mapumziko mvulana mmoja wa darasani kwetu, Osia, alikuwa akiwachekesha wenzake kwa kumwigiza mama wa ng'ombe aliyelala njiani mdomo wazi. Baba alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Akauliza huyo mama amelala wapi. Osia akamwambia, kwenye kona ya mibuni, tangu walipokuwa wanakuja shule. Baba akakiweka kikombe kwenye majani, akakimbia. Sikuwahi kumwona Baba akikimbia.

Tulimfuata wote. Mama yule alikuwa hai, anapumua kwa shida, khanga yake imelowa. Baba alimfungua mtoto mgongoni, akamgusa uso, akakaa hivyo kwa muda huku kiganja chake kikiwa kwenye shavu lile dogo. Kisha akavua koti lake, akamfunika mtoto mzima, hadi kichwa. Hapo hata sisi tukajua. Minza alipenya katikati yetu. Alikaa kwenye tope, akaipakata miguu ya mama yake, akaanza kuipangusa kwa sketi ya shule. Baba na mwalimu mwingine wakampakia mama kwenye pikipiki, mmoja akiendesha na mwingine akimshikilia kwa nyuma, wakampeleka zahanati, na kutoka pale akachukuliwa na gari hadi hospitali ya Vwawa.

Jioni ile habari zilikusanyika zenyewe. Waliopita mapema walisema mtoto alikuwa analia sana. Waliofuata walisema alikuwa anagunaguna tu. Waliochelewa walisema hawakusikia kitu, na walifurahi kwamba mama yake amemnyamazisha.

Kesho yake tuliingia darasani tukijua tutachapwa. Wavulana walikuwa wamevaa kaptula mbilimbili. Baba hakuja na fimbo. Alimsimamisha mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya somo la jiografia, kila mtu aliona nini pale kwenye kona. Mmoja alisema aliona khanga ya njano yenye maua meusi. Mwingine alisema mama alikuwa na kandambili mguu mmoja, ya pili ilikuwa mtaroni. Msichana mmoja alisema mtoto alikuwa amevaa kofia ya sufu nyekundu, na kwamba kamba yake ilikuwa imelegea. Osia alisema aliona nzi. Walivyoendelea, yule mama na mtoto wake walikamilika mbele yetu kama picha inayochorwa ubaoni. Minza hakuwepo siku ile. Nadhani ndiyo sababu Baba aliichagua.

Walipomaliza, alisema, "Sikuwauliza ili niwachape. Nilitaka mjue kwamba mliona."

Akatembea hadi dirishani na kurudi. Akasema hakuna hata mmoja wetu aliyemchukia yule mama, hakuna aliyemsukuma wala kumtupia jiwe, na kwamba jambo hilo ndilo lililomnyima usingizi. Angejua namna ya kupigana na chuki. Lakini watu wazima na watoto wa kijiji kizima walikuwa wamepita, kila mmoja akiamini kwamba yule ni mtu wa mtu mwingine, na mtoto amekufa bila kuuawa na yeyote. "Somo hili halimo kwenye kitabu chenu," alisema, "na sijui nalifundishaje. Tutajaribu."

Kuanzia wiki ile, kila asubuhi kabla ya kuita majina, aliwasimamisha wanafunzi kadhaa na kuwauliza maswali matatu. Nani umekutana naye njiani? Alikuwaje? Wewe ulifanya nini? Mwanzoni ilikuwa vurugu. Osia alimfuata mzee mmoja akimuuliza kwa nini anachechemea, akafukuzwa kwa mkongojo. Wazazi wengine walilalamika kwa mwalimu mkuu kwamba watoto wamekuwa wadadisi, wanaingia jikoni kwa watu kuuliza kama wamekula. Lakini taratibu majibu yakawa ya kweli. Watoto wawili waliona jiko la bibi mmoja mjane halitoi moshi, wakaingia, wakamkuta ameteguka nyonga na hawezi kuinuka. Darasa lilipewa mahindi ya kuchemsha na watoto wa bibi yule, na tangu hapo hata wazazi walinyamaza. Leo mimi pia nafundisha, hapa Tunduma, na nawauliza wanafunzi wangu maswali yaleyale. Wa mpakani wana mengi ya kusema, maana foleni ya malori hukaa na madereva wagonjwa, wenye njaa, na wasiojua lugha ya mtu yeyote.

Lakini wakati ule maswali yale yaliniumiza, kwa sababu mimi sikukutana na mtu. Nilikuwa kwenye pikipiki, nimefumba macho mgongoni kwa Baba. Nikisimamishwa nilitunga: nimekutana na mtu wa mashine, alikuwa mzima, nikamsalimia. Baba alisema "Haya, kaa" bila kunitazama, akahamia kwa mwingine.

Kisha Minza akaja kukaa kwetu. Mama yake alilazwa kwa muda mrefu, baba yake alikuwa na ng'ombe wa kuchunga na wadogo wa kuwatunza, na Baba akamleta nyumbani jioni moja na mfuko wa nguo zake. Mama yangu, Mndali wa Ileje asiye na maneno mengi, alimtazama Minza, akaenda kuongeza unga kwenye sufuria. Nikaambiwa nitalala naye kitanda kimoja. Usiku ule shuka langu lilinuka samli.

Asubuhi yake Baba alitangaza kwamba kuanzia leo mimi na Minza tutatembea kwa miguu kwenda shule. Nikauliza kwa nini. Akasema kwenye pikipiki mtu haoni watu. Akawasha, akaondoka peke yake, nami nikabaki uani na moshi wa petroli. Nilijua vizuri kwamba kabla ya Minza macho yangu yalitosha kuonea popote. Amekuja, na pikipiki imekwenda.

Nikaanza kuangalia kila kitu. Baba aliwahi kufundisha Kamsamba, kule bondeni, kabla hajaoa, na alijua Kisukuma kidogo. Kila asubuhi alimwambia Minza "Mwangaluka," naye akajibu kwa sauti ya chini, na mimi niliyekuwa nimekaa hapohapo sikuwa na lugha ya kuingilia. Kwenye meza alimuuliza kama ameshiba. Sikumbuki kuulizwa. Darasani, Minza aliposimama kujibu yale maswali matatu, Baba aliinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Na Minza alikuwa na ya kusema daima, maana tulipotembea aliona kila mtu. Mimi niliona mgongo wa njia tu.

Jioni moja nikiwa napepeta maharage nyuma ya nyumba, nilisikia Mama akimuuliza Baba kwa sauti ya upole mtoto yule atakaa hadi lini. Baba akajibu, "Huyu mtoto ni wangu, Mama Atu. Hilo tusilijadili."

Maharage yalinimwagika. Atu ndiye mimi, Atupele, mtoto wake wa kwanza, hivyo nilivyojua. Niliyaunganisha yote pale nikiwa nimechuchumaa: Kamsamba, Kisukuma, na huyu msichana mrefu mwenye umri unaozidi wangu. Usiku nilimkagua usingizini kwa mwanga wa koroboi. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele. Baba ana mwanya. Akisoma alijivuta sikio, na Baba pia hujivuta sikio. Kwa hiyo nikajua, kwa uhakika wote wa mtoto, kwamba Minza ni binti wa baba yangu, wa kwanza, wa kule, na kwamba mimi ndiye niliyekuja kukaa kwao.

Sikumwambia mtu. Nilibeba jambo lile hadi likanikatisha hamu ya kula, na kila alichofanya Minza kilikuwa ushahidi. Alilala kwenye ukingo kabisa wa kitanda, nikasema ananidharau. Njiani alitembea nyuma yangu, nikasema anatazama nywele zangu. Na kila jioni, mlio wa pikipiki uliposikika, aliinuka sebuleni na kwenda jikoni kumsaidia Mama. Hilo lilinichoma kuliko yote. Nilisema, ameshampata Baba, sasa anamtafuta na Mama.

Siku moja darasani Baba alinisimamisha. Sijui kwa nini siku ile. Nilikuwa nimekonda, labda aliona, labda ilikuwa zamu yangu tu.

Aliuliza nani nimekutana naye njiani. Nilifungua mdomo kusema mtu wa mashine, nikajisikia nikisema nimekutana na mtoto.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anaumwa, Mwalimu."

"Anaumwa nini?"

"Baba yake ana mtoto mwingine."

Wenzangu wakatazamana, maana hayo ni mambo ya wakubwa na hayasemwi. Baba alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, alinitazama kwa muda mrefu. Aliuliza swali la tatu kwa sababu ndilo lililofuata. "Na wewe ulifanya nini?"

Machozi yalikuwa yanakuja na niliyachukia. Ndipo dawati la nyuma likagonga, na Minza akasimama bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwalimu, huyo mtoto na mimi nilimwona," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana ukija nyumbani mimi naenda jikoni. Ili yeye abaki na wewe."

Akakaa. Baba alituandikia hesabu, kisha akaanza kufuta sehemu ya ubao iliyokuwa safi, akafuta, akafuta, mgongo wake ukiwa kwetu.

Baada ya masomo aliisukuma pikipiki bila kuiwasha, tukatembea pamoja, Minza akiwa ametangulia mbali. Aliniuliza nani aliniambia kwamba ana mtoto mwingine. Nikamwambia, wewe, ulimwambia Mama. Alisimama katikati ya njia kujaribu kukumbuka. Alipokumbuka hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Aliniambia Minza ana baba yake, mtu mwema anayejulikana, na kwamba yeye alipofundisha Kamsamba hakuwajua watu wale.

"Nilisema ni wangu," alisema, "kwa sababu kila niliyemuuliza alisema si wake."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa wangu hata kabla sijasema."

Tulitembea kidogo. Akasema kwamba jambo moja nililosema darasani lilikuwa kweli, kwamba palikuwa na mtoto anayeumwa. Amekuwa akiwauliza wenzangu habari za njiani kila asubuhi, na jioni anarudi nyumbani ananipita mezani, ananiona sili, anafungua gazeti. Aliyasema haya akitazama usukani, kama mtu anayejisomea mwenyewe. Nilishika kiti cha pikipiki na kusaidia kusukuma.

Ningependa kusema wivu uliishia hapo. Uligeuka tu upande mwingine. Minza alianza kubaki sebuleni jioni, na Baba alituuliza sote wawili habari zetu, na nilikula. Lakini sasa nilimwonea wivu kwa kitu kibaya zaidi, kwamba alikuwa na mdogo wake kaburini na mama yake hospitali, na bado macho yake yalikuwa na nafasi ya kuniona mimi niliyeshiba. Nililala nikijaribu kuelewa amewezaje. Nilianza kutembea kando yake badala ya mbele, nikitazama anakotazama. Mara nyingi sikuona kitu. Mara mojamoja niliona.

Kiangazi kilipoingia mama yake aliruhusiwa. Alikuwa amekwisha, nguo zikimpwaya. Kijiji kilikuwa kimefanya mkutano kuhusu mahindi yaliyoliwa na ng'ombe, na Baba akasimama kuwatetea wageni, wachache wakamuunga mkono, lakini baba yake Minza hakutaka kukaa mahali alipomzika mtoto ambaye njia nzima ilimpita. Wakaamua kurudi bondeni. Siku ya kuondoka, Baba alitoa darasa lote nje, tukasimama kwenye kona ya mibuni. Ng'ombe walipita kwanza, wengi, kisha wanaume, kisha mama yake Minza. Alipofika pale alisimama. Yule msichana aliyeona kofia nyekundu alitoka kwenye mstari, akaenda akasimama karibu naye, akabaki hapo tu, na mwingine akamfuata, na Osia, mpaka darasa zima likawa limemzunguka. Mama yule aliwagusa vichwa wachache, akaendelea na safari.

Minza alimuaga kila mtu kwa mkono. Aliponifikia alisema, "Atu, sasa utalala kitanda kizima." Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Baba alimpa mkono, akamwambia maneno ya Kisukuma ambayo sikuyaelewa. Kisha Minza akakimbia kuwafikia wenzake, shingo yake imenyooka juu ya vumbi, na baba yangu akaanza kulia. Alilia wazi, mbele ya wanafunzi, bila kujifuta. Na wivu ukanipanda tena, wote, kama siku ya kwanza, kwa sababu katika maisha yangu yote hakuwahi kulia kwa ajili yangu. Nilisimama na wivu wangu pale. Niliuona mkono wake ukining'inia, unafunguka na kujifunga, hauna cha kushika. Darasa lote lilikuwa limetazama pembeni kwa heshima. Nikaenda nikaushika. Hakunitazama, macho yake yalikuwa kwenye vumbi, kwa Minza, na yalibaki huko mpaka vumbi likatua. Sikuuachia.